Sultani Ali Dinar na Vita vya Darfur, 1916

Hujaji anayetoka Madina huhirimia Dhul-Hulayfa, mahali panapojulikana leo kwa jina la Abyar Ali. Imeenea kauli kwamba Ali huyo ni Sultani Ali Dinar wa Darfur. Kauli hiyo haisimami. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alikwisha kukitaja hapo kisima kinachoitwa cha Ali, karne nyingi kabla ya Sultani huyo kuzaliwa. La kusikitisha ni kwamba wengi wanamjua kwa visima tu, wala hawajui alivyouawa.

Ali Dinar aliurudisha usultani wa Darfur mwaka 1898, baada ya dola ya Mahdi kuvunjwa pale Karari, akawa akiilipa kodi ndogo serikali ya Khartoum iliyoongozwa na Waingereza. Novemba 1914 Istanbul ilitangaza jihadi, na baadaye barua ya Enver Pasha ikamfikia. Mwaka 1915 akavunja utiifu. Huko Khartoum, Sayyid Ali al-Mirghani na Abdul-Rahman, mwana wa Mahdi, walisimama upande wa serikali. Wito ulikuwa mmoja, majibu yakawa mbalimbali.

Machi 1916, Ulaya ikiteketea pale Verdun, Gavana Wingate alimtuma Luteni Kanali Kelly kutoka An-Nahud na askari wapatao 2,000, mizinga, rashasha za Maxim na, baadaye, ndege nne. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa maji, kwani katika nchi ile kavu anayeshika visima ndiye anayeshika njia. Tarehe 22 Mei, karibu na Al-Fashir, watu wa Sultani waliyakimbilia marashasha hayo pale Beringia. Walikufa zaidi ya 200, na kesho yake mji ukatekwa.

Jeshi lile lilikuwa Jeshi la Misri. Makamanda walikuwa Waingereza, lakini askari wengi walikuwa Waislamu wa Misri na Sudan. Basi Muislamu alimpiga Muislamu kwa amri ya asiyekuwa Muislamu. Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa fiqhi asikimbilie kumwita huyu shahidi na yule mnafiki. Aulize kwanza: askari yule aliingiaje jeshini, na alikuwa na hiari gani?

Sultani alikimbilia Jabal Marra. Aliuawa tarehe 6 Novemba 1916, mwanzoni mwa Muharram 1335, Allah Amrehemu. Januari 1917 Darfur ikaunganishwa na Sudan, na kasri lake la Al-Fashir likaja kufanywa makumbusho.