Kariakoo, Bonde la Msimbazi na Madaraja ya Dar es Salaam

Anayetaka kuielewa Dar es Salaam aanze na Mto Msimbazi. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita pembeni mwa Kariakoo, kisha unamwaga maji baharini kwenye daraja la Salenda. Soko, bandari na maofisi viko upande mmoja wa bonde. Magomeni, Manzese, Kinondoni na Kimara viko ng'ambo. Anayetoka katikati ya jiji kwenda njia ya Bagamoyo au ya Morogoro hana budi kulivuka.

Kariakoo ilizaliwa katika mpango wa kutenganisha watu. Wajerumani waliuanza mtaa huo mwishoni mwa utawala wao. Waingereza wakaukamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kambi ya wapagazi wa jeshi ilipoondoka. Viwanja vya Mnazi Mmoja vikaachwa wazi makusudi kati ya Waafrika na Uhindini, na Wazungu wakajichukulia ufukwe. Madaraja nayo yalifuata ramani hiyo hiyo. Mwaka 1929 lilijengwa daraja la Salenda mdomoni mwa Msimbazi, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika. Lilifungua njia ya kwenda Oyster Bay, penye upepo mwanana na nyumba za maofisa wa serikali. Mwafrika wa Magomeni aliyefanya kazi mjini alipita Jangwani, bondeni kabisa, kwa miguu au kwa baiskeli.

Baada ya Uhuru jiji lilikua kuliko mipango yake. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wapatao 128,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na Kariakoo ikawa ghala la nchi nzima na la majirani: Wazambia, Wakongo na Wakomoro huja kufunga mizigo pale. Salenda ilijengwa upya mwaka 1980. Foleni haikwisha.

Kisha ikaja miaka ya zege. Aprili 2016 lilizinduliwa daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililogharamiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, pamoja na serikali. Watu wa ng'ambo ya bandari wakapata njia nyingine zaidi ya pantoni. Mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara hadi Kivukoni, na tawi lake likaingia Gerezani, mlangoni mwa Kariakoo. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA ilifunguliwa 2018, makutano ya Kijazi Ubungo 2021, na daraja la Tanzanite, linalopita juu ya bahari kutoka Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach, mwaka 2022.

Hizi ni kazi kubwa, nazo zimewapunguzia watu adha. Lakini mpangilio wake unanisikitisha. Upande wa Oyster Bay umepata daraja la pili wakati Jangwani, njia ya wauza mitumba, mama lishe na wasukuma maguta, ikiendelea kuzama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na mamia ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Hata baada ya hapo, karakana ya mwendokasi ikajengwa bondeni humo humo, na mabasi yakaja kuzama. Mvua kubwa ikinyesha, barabara hufungwa, abiria hurundikana kwenye vituo vya Magomeni Mapipa na Fire, na mfanyabiashara wa Kariakoo hupoteza siku nzima. Maji yalikuwa na njia yake kabla ya jiji. Kosa ni letu tuliojenga barabara chini na kulibana bonde kwa vifusi, takataka na nyumba.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye daraja jipya lililoinuliwa pale Jangwani na mpango wa kuihamisha karakana. Kwa maoni yangu hilo ndilo daraja muhimu kuliko yote yaliyotajwa hapa, nalo lilipaswa kutangulia. Wahandisi wasiligeuze kuwa la magari peke yake: walitengee njia pana waenda kwa miguu, baiskeli na maguta, kwa kuwa hao ndio walioivuka Jangwani tangu mwanzo.