Mwanafunzi wa chuo na afya yake: Kutoka Nanyamba hadi geto la mjini

Oktoba na Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, ndipo vyuo vingi nchini hufungua mwaka wa masomo. Kwa familia nyingi za Nanyamba mambo hayo mawili hukutana. Hela ya korosho ikiingia, sehemu huenda kwenye ada, nyingine kwenye kodi ya chumba, na kijana anapanda gari kwenda Mtwara mjini: Stella Maris (STEMMUCO), Taasisi ya Uhasibu (TIA), Chuo cha Utumishi wa Umma, vyuo vya ualimu au VETA. Kinachosahaulika kwenye hesabu hiyo mara nyingi ni chakula.

Wanafunzi wenyewe wana jina la kinachofuata: pasi ndefu. Maana yake ni kula mara moja tu kwa siku, saa tisa au saa kumi alasiri, ili mlo mmoja ubebe mchana na usiku. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ana unafuu kidogo, kwani posho ya chakula na malazi kwa wa shahada ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Lakini bumu likichelewa naye hupiga pasi. Wa cheti, ambaye kwa kawaida hutegemea mzazi, huanza mapema zaidi.

Njaa ya namna hii haiui mtu kwa wiki moja. Inamfanya asinzie darasani na kuumwa kichwa, kisha jioni anakula chipsi kavu na soda kwa sababu ndicho kilicho karibu. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Inashibisha kwa saa moja, halafu njaa inarudi.

Dawa ya pasi ndefu, kwa mtoto wa Nanyamba, iko ghalani kwao. Mbaazi kavu zina zaidi ya gramu 20 za protini katika kila gramu 100, na mkoa wetu ni miongoni mwa inayolima mbaazi kwa wingi. Kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta na korosho zilizobanguliwa havihitaji jokofu. Mzazi anayefunga gunia la vitu hivi, pamoja na unga na dagaa wakavu, amemsaidia mwanawe kuliko anayetuma hela yote kwa simu siku moja, maana hela ya mkupuo huisha kabla ya katikati ya muhula. Wanafunzi watatu wakichanga jiko na sufuria, mbaazi za kuloweka usiku hupikwa kwa mkaa mdogo na huliwa siku mbili zikichemshwa upya vizuri.

Hapo hapo kwenye jiko kuna tahadhari isiyo na mjadala. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama mvua inanyesha nje na mkaa umebaki majivu mekundu tu. Gesi yake haina harufu, na aliyelala haamki.

Unga wa muhogo nao unahitaji neno lake. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, inayopungua mihogo ikilowekwa na kuanikwa vizuri. Mwaka 1981, wakati wa ukame, jirani zetu wa Nampula, Msumbiji, walipatwa na konzo: ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, wala hauponi. Walioumia walikuwa zaidi ya 1,000. Walikula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, siku baada ya siku, bila protini ya kusaidia mwili kuondoa sumu. Mwanafunzi anayekula ugali wa makopa mara mbili kwa wiki na mbaazi hana sababu ya kuogopa. Anayeutegemea kila siku kwa mchuzi wa chumvi ajihadhari.

Ipo njia rahisi iliyotumika vijijini Msumbiji na Kongo. Weka unga wa muhogo kwenye beseni na uweke alama ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga; unga utashuka kwanza, endelea hadi urudi kwenye alama. Utandaze mwembamba, usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu huondoka na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo.

Kwa wasichana, upungufu wa damu ni jambo la kuangaliwa zaidi kwa sababu ya hedhi. Majani ya maboga, kisamvu na maharage yana madini ya chuma, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia kuingia mwilini. Chai ingoje saa moja. Ndimu, embe au bibo husaidia. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, nasi tunaliacha lioze chini ya mkorosho.

Mazoezi hayahitaji jimu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Nyumbani kijana alizipata shambani na kwenye kuchota maji bila kuhesabu. Mjini anakaa darasani, kisha anapanda bodaboda. Kutembea kwenda chuo, pale umbali unaporuhusu, kunampa dakika hizo na nauli inabaki mfukoni.

Usingizi huibwa na simu, na wiki ya mitihani huibwa na hofu ya kudisko. Kijana anahitaji saa saba hadi tisa. Ubongo hupanga uliyosoma wakati umelala, kwa hiyo kukesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu ni kujaza debe linalovuja. Aliyepata sapu na akaacha kula, kulala na kuongea na wenzake anahitaji kupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya. Kugombezwa kwa simu hakumsaidii.

Homa ikija, kipimo cha malaria kifanyike ndani ya saa 24 kabla ya kununua dawa yoyote. Chandarua kitoke nyumbani pamoja na godoro. Kuhusu VVU, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye umri wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi, na kujipima mwenyewe kunaruhusiwa.

Mwisho, kadi ya bima. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi NHIF umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, nao hulipwa kupitia chuo. Muulize mhasibu wa chuo siku ya usajili kiasi cha mwaka huo na lini kadi itaanza kufanya kazi, kisha piga picha ya risiti na uihifadhi kwenye simu ya mwanafunzi na ya mzazi.