Ndege iliyovuka Atlantiki ikaja kufia Dar

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki mbili hizi, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nina kisa, na ndani ya kisa kuna historia.

Mwezi uliopita nilikuwa niende Mafia kufuatilia habari ya wavuvi. Ndege ndogo, injini moja, abiria wanne. Tumeshafunga mikanda, tumefika karibu na njia ya kurukia, rubani akasimama kujaribu injini. Nikasikia mngurumo unabadilika. Inanguruma vizuri, inatetemeka, inashika tena. Mafundi wa gereji za mtaani wangesema inamisi. Rubani akageuza swichi mara mbili tatu, akaipandisha injini ikanguruma kwa nguvu kama dakika nzima, akairudisha chini, akasikiliza. Kisha akatugeukia: "Jamani, samahanini. Tunarudi."

Nilikasirika sana. Mhariri alikuwa anasubiri habari yangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga kichwani makala ya kulalamika.

Fundi alikuwa mzee wa makamo. Nikamwamkia, akaniitikia, akaona sura yangu ilivyokunjamana. "Mwanangu, usinune. Njoo uone."

Akanieleza kwamba kila silinda ya injini ile ina plagi mbili, na kuna magneto mbili za kuzipelekea moto, ili moja ikifa nyingine iendelee. Rubani alipogeuza swichi alikuwa anazima upande mmoja na kuusikiliza mwingine. Upande wa kulia ulikuwa mzima, wa kushoto ndio uliotetemeka. Petroli ya ndege hizi ina risasi ndani yake, na injini ikinguruma taratibu kwa muda mrefu huku inakunywa mafuta mengi kuliko hewa, masalia ya risasi huganda kwenye plagi. Ile kuipandisha ilikuwa ni kujaribu kuyaunguza. Hayakuungua.

Fundi akaiwasha injini kwa upande ule mbovu peke yake, muda mfupi tu, akaizima, akapima bomba za ekzosi moja moja. Zote za moto isipokuwa moja. "Huyu hapa hajala," akasema. Akafungua plagi ya silinda ile, akanionyesha kijipunje cha kijivu kimeziba pale cheche inaporukia. Kidogo kuliko punje ya mchele.

Hapo ndipo nikamkumbuka Beryl Markham.

Wengi tunamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne, akakulia Njoro, akafundisha farasi wa mashindano, kisha akajifunza urubani. Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York. Lindbergh alivuka mwaka 1927 na Amelia Earhart mwaka 1932, lakini wao walitoka magharibi kwenda mashariki, upepo ukiwasukuma mgongoni. Markham alikwenda kinyume, upepo ukimpiga usoni.

Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull ya mbao, yenye injini moja ya Gipsy Six ya nguvu za farasi 200. Iliandikwa VP-KCC, herufi za ndege za Kenya ya kikoloni, maana mwenyewe alikuwa mlowezi wa huko, John Carberry. Haikuwa na redio. Matangi ya petroli yalijazwa hadi ndani alimokaa rubani, na alitakiwa asubiri tangi moja liishe kabisa kabla ya kufungua jingine. Maana yake injini ingekohoa na kuzima, gizani, juu ya bahari, naye apapase koki ya tangi linalofuata huku ndege inashuka. Anasimulia kwamba ilitokea hivyo, na alifika karibu na mawimbi ndipo injini ikashika.

Baada ya saa nyingi angani injini ikaanza kukohoa tena. Safari hii tangi la mwisho lilikuwa na petroli. Akahangaika na koki, ikazima, ikashika, ikazima. Akaiona nchi kavu, akateremka Baleine, Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama kwenye tope. Aliumia kichwa, akapona.

Kosa lilikuwa nini? Kwa maelezo yake, barafu iliziba njia ya hewa ya tangi. Wewe uliyewahi kufungua kopo la maziwa unalijua jambo hili. Toboa tundu moja, maziwa yanadondoka kwa shida. Toboa la pili, yanamwagika. Tangi lisipovuta hewa halitoi petroli, hata likiwa limejaa.

Sasa sikia mwisho wake. Ndege ile ilirudi Afrika Mashariki, na Markham anaandika kwamba iliuzwa kwa tajiri mmoja wa Kihindi, ikaachwa nje kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mpaka injini ikashika kutu na mabawa yakapinda. Nikamsimulia fundi. Hakushangaa. Injini isiyowashwa, akasema, oili yote inashuka chini, chuma kinabaki uchi, na upepo wetu huu una chumvi.

Ndege iliyoishinda Atlantiki ikauawa na uvivu, hapa hapa kwetu. Kama kuna mwenye babu aliyewahi kusimulia habari zake, ningependa sana kusikia.

Makala ya malalamiko sikuiandika. Nimeshaandika habari za ajali za ndege, zikatoka ukurasa wa kwanza. Safari iliyorudishwa kwa sababu ya kijipunje kwenye plagi haijawahi kupata hata mstari mmoja kwenye gazeti letu, na mimi ni mmoja wa wa kulaumiwa.

Kesho yake nilipanda ndege ile ile. Habari ya wavuvi ilichelewa siku moja.