Bure na Huru: Historia Fupi ya Programu za Kuandikia Nota za Muziki

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisichouzwa na kwa kitu kisichofungwa. Kiswahili kina maneno mawili, bure na huru, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa historia tunayokusudia kuieleza hapa.

Suala la milki katika uchapaji wa nota ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1498 watawala wa Venice walimpa Ottaviano Petrucci haki ya pekee ya miaka 20 ya kupiga chapa muziki wa sauti nyingi, na mwaka 1501 akatoa kitabu chake cha kwanza. Karatasi ilipitishwa mtamboni zaidi ya mara moja, kwani mistari na nota havikupigwa pamoja. Kazi ilikuwa safi lakini ghali. Mjini Paris, mwaka 1528, Pierre Attaingnant alitoa kitabu ambamo vyote vilipigwa kwa mkupuo mmoja, na muziki uliochapwa ukazidi kuenea.

Mvutano huo ulijirudia katika zama za kompyuta. Finale ilitolewa mwaka 1988, na Sibelius, kazi ya ndugu pacha Ben na Jonathan Finn, mwaka 1993. Zote mbili ziliuzwa, na yafaa tukiri kwamba ziliwatumikia vyema wachapishaji. Kwa upande wa pili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen walianzisha LilyPond mwaka 1996, wakifuata mfano wa kurasa zilizochongwa kwa mkono. Mtumiaji huandika herufi na tarakimu, nayo programu huzigeuza kuwa nota. Ni kazi idaiyo subira. MuseScore ya Werner Schweer, iliyoanza mwaka 2002, humwezesha mtu kuziweka nota penye mistari yenyewe. Hizi mbili ni huru: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa.

Uzito wa tofauti hii ulidhihirika tarehe 26 Agosti 2024, wenye Finale walipotangaza kuisitisha. Wateja walielekezwa kwenye Dorico, nayo ni ya kulipia. Awali ilielezwa kwamba baada ya mwaka mmoja Finale isingeweza kuidhinishwa katika kompyuta mpya. Malalamiko ndiyo yaliyoliondoa sharti hilo. Finale NotePad, iliyokuwa ikitolewa bila malipo, nayo haikusalimika. Ilikuwa bure, lakini haikuwa huru.

Haifuati kwamba programu ya kulipia ni mbaya, wala kwamba iliyo huru haina gharama, maana kuna watu wanaoitolea jasho. Lakini kwetu sisi tunaohifadhi mahadhi ya tenzi kwa nota, swali la bei ni dogo kuliko swali la ufunguo. Ni busara basi kuweka nakala katika MusicXML, muundo ulioasisiwa na Michael Good, ambao programu nyingi huusoma. Utenzi ulioandikwa kwa wino husomeka hata muuza wino akifunga duka lake. Nota zetu nazo zastahili hifadhi kama hiyo.