Siku Moja Liverpool: Anza na Anfield, Lakini Usiishie kwa Selfi

Mafans wa Liverpool wengi wanaijua hii jiji kwa tivi tu: wikendi, base imejaa, kelele mpaka dakika ya tisini. Lakini ikitokea umefika Uingereza, iwe ni masomo, job ama umetembelea auntie, siku moja inatosha kucheki sehemu za maana. Rada ndio hii.

Asubuhi: Anfield

Shuka stesheni ya treni ya Lime Street, tembea kidogo hadi Queen Square na udandie basi ya kuenda Anfield. Tiketi ya kuzungushwa uwanjani nunua mapema kwa mtandao. Usipange siku ya mechi, hiyo siku ziara ya kawaida huwa haipo.

Ukiingia unapewa kifaa cha kusikiliza maelezo, unatembea na mwendo wako. Utaona chumba cha kubadilishia jezi, halafu ile njia ya kuingia uwanjani yenye bango la "This Is Anfield". Kocha Bill Shankly ndiye aliliweka, wageni waingie wakitetemeka. Jürgen Klopp naye alikataza wachezaji wake kuligusa mpaka washinde kombe. Wewe gusa tu.

Kwa makumbusho kuna makombe sita ya Ulaya. La 2019 lina mkono wetu: Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, alifungia Barcelona mbili kwa ile 4-0, kisha akamaliza Tottenham kwa fainali. Hiyo usiku kila Mkenya aligeuka binamu yake.

Na ile Kop unayoisikia kila wikendi? Jina limetoka Spion Kop, kilima cha Afrika Kusini ambapo Waingereza walipigana na Makaburu Januari 1900. Wanajeshi wengi wa pande za Liverpool walikufa huko.

Kabla uhepe: majina 97

Nje ya Main Stand kuna ukumbusho wa Hillsborough. Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA huko Sheffield, mafans walibanwa kwa vizimba vya uwanja mpaka wakakosa pumzi. Waliokufa ni 97. Wa mwisho aliaga 2021 kwa sababu ya majeraha ya siku hiyo.

Polisi waliwasukumia mafans lawama, ati walikuwa walevi. Familia zilikataa huo uongo miaka 27. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likaamua watu waliuawa kinyume cha sheria, na mafans hawakuwa na makosa. Weka simu mfukoni, soma majina polepole. Sisi pia tunajua vile kungoja haki huchosha.

Mchana: pesa ya jiji ilitoka wapi

Rudi tao, uende Royal Albert Dock, maghala ya matofali mekundu yaliyofunguliwa 1846. Kupiga picha hapo ni fiti, lakini jua story yenyewe: miaka ya 1700 Liverpool ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na meli zake zilibeba Waafrika zaidi ya milioni moja. Tembea hadi Water Street, inua macho juu ya Town Hall. Utaona vichwa vya Waafrika na ndovu vimechongwa kwa ukuta. Hawakuficha, walipambia nyumba.

Jioni: feri na ngoma

Pale Pier Head panda feri ya mto Mersey. Usitarajie msukumano wa Likoni. Ukiwa majini utacheki vizuri Royal Liver Building ya 1911 na wale ndege wawili juu ya minara.

Malizia Mathew Street, kwa Cavern Club. The Beatles walipiga shoo hapo karibu mara 300 kati ya 1961 na 1963. Klabu ya zamani ilifungwa 1973. Ya sasa ilijengwa upya na kufunguliwa 1984.

Ukirudi base, wasee watataka kuona selfi ya bango. Waonyeshe. Halafu waambie kuhusu wale 97, na vile vichwa vya Water Street.