Usukani wa lori kuukuu: Tambua kasoro kabla ya kununua pampu

DEREVA anayetoka Hola na shehena ya maembe ya soko la Kongowea, Mombasa, hupitia Garsen, na kutoka hapo hadi Malindi humngoja safari ya zaidi ya kilomita 100. Usukani ukianza kuwa mzito katika sehemu hiyo, maembe hayasubiri fundi, wala ng'ombe wa mnada hawasubiri.

Malori mengi ya miaka ya tisini, yakiwemo ya Isuzu na Mitsubishi Fuso, hutumia usukani wa haidroliki. Pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa hadi katika sanduku la usukani, nayo mafuta hayo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Mtambo wenyewe si mgeni. Mhandisi Mmarekani Francis Davis aliuonyesha mwaka wa 1926, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye usukani huo mwaka wa 1951.

Aghalabu lawama ya kwanza huielekea pampu, na mwenye lori hutoa fedha nyingi kununua nyingine, kisha usukani ukabaki vile vile. Yafaa kuanza na yasiyo na gharama: upepo wa matairi ya mbele, uzito wa mzigo ulioegemea mbele, na kiasi cha mafuta katika kopo lake. Hali kadhalika, lori lililosimama katika udongo mweusi unaonata wa eneo la delta litakuwa zito hata kama mtambo wake ni mzima.

Baada ya hapo, inua ekseli ya mbele kwa jeki na uiweke juu ya egemeo imara, si juu ya jeki pekee. Washa injini na uzungushe usukani. Ukiwa bado mzito, zima injini, fungua fito linalounganisha sanduku la usukani na gurudumu, kisha geuza magurudumu kwa mikono. Yakikataa, ugonjwa umo katika kingpini zilizokauka grisi au kushika kutu. Yakigeuka kwa wepesi, tafuta kasoro katika sanduku, pampu au viungo vya mhimili wa usukani.

Jaribio hili lina maana ya pekee Tana River. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, yale ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 yalifunika barabara kwa maji, na lori likipita majini grisi huoshwa. Maji yanaweza pia kuingia katika kopo la mafuta kupitia kifuniko. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji, au yamejaa viputo vya hewa. Yakiwa ni maji, kuongeza mafuta mapya juu yake hakusaidii. Sharti yamwagwe yote na mtambo usafishwe.

Dalili nyingine husema wazi. Usukani mzito pande zote huashiria upungufu wa mafuta, mkanda uliolegea au pampu iliyochoka. Ukiwa mzito injini inaponguruma polepole na mwepesi inapoongezwa kasi, shuku pampu au mkanda. Ukiwa mzito upande mmoja tu, pampu kwa kawaida haina hatia, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo inayohudumia pande zote mbili. Sanduku ndilo la kuchunguzwa. Mlio wa kulialia huletwa na hewa, upungufu wa mafuta au chujio lililoziba. Usukani unaocheza bila kugeuza gurudumu, nao, si suala la mafuta. Mtu mmoja auzungushe kidogo kidogo, na mwingine atazame chini ni kiungo kipi kinachochelewa kusogea.

Uvujaji usitafutwe kwa kiganja injini ikiwa inazunguka, kwani mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi. Tumia kipande cha katoni. Mpira wa shinikizo usibadilishwe kwa mpira wa kawaida wa maji, na mafuta ya breki yasitiwe kamwe: huharibu sili. Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji.

Kutoa hewa ni kazi ya utingo na dereva. Magurudumu yakiwa juu na injini imezimwa, usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku mafuta yakiongezwa. Kisha injini iwashwe na zoezi lirudiwe hadi viputo viishe. Usiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde tano, maana mafuta huchemka.

Kupima shinikizo na kufungua sanduku ni kazi ya karakana yenye vifaa. Mkono wa usukani na fito zake hazichomelewi kwa welding'i, hubadilishwa.

Pampu ikifa njiani, magurudumu bado yatageuka kwa nguvu za mikono, na lori laweza kusogezwa polepole hadi mahali salama. Kama pampu huzungushwa na mkanda wa peke yake, uondoe. Kama mkanda huo pia huendesha pampu ya maji au jenereta, au kama pampu huzungushwa na gia za injini, usiendelee kuizungusha ikiwa kavu: zima injini na ungoje fundi.