Bunduki, meli ya vipande na propela ya mjomba

Leo naweka kando mambo ya programu, ingawa mkisoma hadi chini mtaona kwamba sikwenda mbali.

Mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, siku hizi yuko Marekani, alinitumia picha ya bunduki ya shabaha aliyoiunganisha mwenyewe mezani kwake. Mtutu umetoka kampuni moja, mwili wa bunduki umetoka kampuni nyingine, kitako kimetoka kwa watu wa tatu. Thredi za mtutu na chumba cha risasi vilikatwa kiwandani kabla hajaununua, na waliokata hawakuwahi kuona bunduki ambayo mtutu huo ungeingia. Nilimjibu kwamba huku kwetu mchezo huo ungemlaza korokoroni, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea bunduki nyumbani. Akacheka, mimi nikabaki na picha.

Mimi si mtu wa bunduki. Kilichonikaa kichwani ni ule mtutu. Chuma kilichokatwa na mtu asiyekujua kinaingiaje kwenye chuma chako bila tupa na bila nyundo? Nauliza kwa sababu mwezi huo huo mjomba wangu, mvuvi wa Homa Bay, alinunua propela ya injini ya boti yake katika duka moja la spea mjini Migori. Aliambiwa ni saizi yake. Alipofika ufukoni ikakataa kuingia kwenye shafti, imebaki unywele tu. Fundi akaipiga tupa meno ya ndani dakika kumi, ikaingia, wakalipana, wakaagana vizuri.

Wiki mbili baadaye, usiku, wakiwa njiani kutoka upande wa Rusinga, injini ikaanza kulia kwa nguvu na boti haiendi. Meno yalikuwa yamelegea mpaka yakalana na shafti yenyewe. Walipiga kasia mpaka alfajiri, watu wanne, na upepo wa ziwa mnaujua. Propela ilikuwa ya bei nafuu. Shafti haikuwa ya bei nafuu hata kidogo.

Kwa hiyo nikaanza kusoma: nani alianza kusema kwamba kipande cha hapa kitaingia kule?

Kwanza twendeni Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Wengi tulipelekwa huko na walimu wa shule tukiwa hatuna habari. Ni boma la kuta za mawe zinazokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuta hazina saruji wala udongo wa kushikanisha. Zimesimama kwa sababu kila jiwe lilichaguliwa kwa ajili ya jiwe la jirani yake. Mjenzi alilishika, akaligeuza, akalijaribu, akaliacha au akaliweka. Ni kazi ya akili sana. Lakini huwezi kuchomoa jiwe la ukuta huu ukalipeleka ukuta ule ukategemea litakaa. Jiwe lina makao yake.

Bunduki zilitengenezwa namna hiyo hiyo kwa mamia ya miaka, Ulaya na kwingineko. Fundi alichonga kipande, akakijaribu, akapiga tupa, akajaribu tena. Bunduki mbili za fundi mmoja zilifanana kwa macho tu. Ukivunja kipande vitani, unahitaji fundi.

Mfaransa mmoja, Honoré Blanc, ndiye aliyewashangaza watu kwa njia nyingine. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, wakati huo akiwa balozi wa Marekani huko Ufaransa, alitembelea karakana yake akapewa vipande vya mitambo ya kufyatulia vilivyochanganywa. Akaokota vyovyote alivyoshika, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mkono wake, na ikakubali. Jefferson hakuwa fundi bunduki. Hapo ndipo penye utamu wa hadithi.

Marekani walilipenda wazo hilo kuliko Ufaransa wenyewe. Vitabu vingi vya shule humtaja Eli Whitney, aliyepewa mkataba mwaka 1798 wa kutengeneza bunduki 10,000 kwa miaka miwili. Alimaliza mwaka 1809. (Waandishi wa programu, msicheke. Tunamjua huyu mtu, tumefanya naye kazi.) Mwaka 1801 alikwenda Washington kuwaonyesha wakubwa vipande vinavyobadilishana, wakapiga makofi. Baadaye wanahistoria walipochunguza bunduki zake zilizobaki walikuta vipande havibadilishani kama alivyodai. Ilikuwa onyesho la jukwaani, demo tupu.

Waliofanya kazi yenyewe hawakupata jina kubwa. John Hall, kwenye karakana ya serikali ya Harpers Ferry, alitumia miaka ya 1820 kutengeneza mashine za kuchonga, na zaidi ya mashine alitengeneza geji, makumi ya geji. Geji ni kipande cha chuma kilichopimwa kwa uangalifu mkubwa, kisichofanya kazi nyingine yoyote ila kukubali au kukataa. Kipande kikiingia kwenye geji hii na kikakataa kuingia kwenye ile, ni kizuri. Vinginevyo kinatupwa. Hakuna "kimekaribia", na hakuna kuongeza tupa kidogo. Sisi tunaita majaribio ya kodi, na tunajidai tumeyavumbua.

Halafu Simeon North, mwenye kiwanda chake mbali na hapo katika jimbo la Connecticut, akapewa kazi ya kutengeneza bunduki za Hall. Mwaka 1834 vipande vya North vikaingia kwenye bunduki za Harpers Ferry na za Harpers Ferry zikapokea vya North. Kwangu mimi hii ndiyo tarehe ya kukumbuka, kuliko 1785. Ndani ya karakana moja, mafundi wanaojuana wanaweza kuelewana kwa macho. Viwanda viwili mbalimbali haviwezi kuelewana kwa macho. Lazima pawe na kitu cha tatu kati yao, na kitu hicho ni geji.

Waingereza walikuja kununua mashine za Kimarekani miaka ya 1850 wakaziweka Enfield, karibu na London. Kabla ya hapo, mwaka 1841, mhandisi Joseph Whitworth alikuwa amependekeza nyuzi za bolti ziwe na vipimo vya aina moja kwa Uingereza nzima. Msifikiri kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa shwari. Hata katika Vita vya Pili vya Dunia, bunduki ya Enfield Namba 4 ilikuwa na kichwa cha bolti cha saizi nne, kuanzia sifuri hadi 3, kama viatu, kwa sababu nafasi ya nyuma ya risasi haikulingana bunduki zote. Fundi wa jeshi alipima kwa geji akachagua kichwa kinachofaa. Nafasi hiyo ndiyo kiini cha hadithi ya mtutu wa rafiki yangu. Ikizidi au ikipungua, bunduki inaweza kumdhuru mwenye kuishika. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilitoa bunduki yake ya modeli 110, ambayo mtutu wake hushikwa na nati, na nafasi hiyo ikawa inawekwa kwa kuzungusha badala ya kuchonga. Kutoka hapo, na mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zilipoenea, ndipo mtu akaweza kuuziwa mtutu uliokwisha kukatwa.

Haya, turudi ziwani, maana huku kwetu wazo la kuunganisha vitu vilivyotengenezwa mbali lilifika mapema, tena kwa ukubwa wa kutisha.

Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, halina njia ya meli kutoka baharini. Kila meli ya chuma ya mwanzo ililetwa kwa vipande. Kampuni ya Bow, McLachlan ya Paisley, Scotland, ilifanya kazi hii kuwa biashara. Meli iliunganishwa kiwandani kwa bolti tu, kila kipande kikapigwa namba, kisha yote ikafunguliwa ikawa mamia ya vipande, ikapakiwa. William Mackinnon, stima ya kwanza ya Waingereza ziwani, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, wakati reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Ilifika Desemba 1901. Fikirieni wapagazi na njia za wakati ule. Baada yake zikaja Winifred na dada yake Sybil, zikibebwa na reli, na mafundi wa Kisumu wakazipiga riveti upya.

Mara ya kwanza nilipoisoma habari hii nilisema, basi, hii ni sawasawa na mtutu wa rafiki yangu. Baadaye nikaona sivyo. Zile namba ndizo zinazosema siri. Pleti inapigwa namba kwa sababu ina makao yake. Imejaribiwa Paisley mahali pake na hapo tu inarudi. Meli ilikuwa ukuta wa Thimlich uliofunguliwa ukasafirishwa, kila jiwe na namba yake. Pleti moja ikipotea njiani, hakuna geji mkononi, kuna barua ya kupeleka Scotland, au fundi wa Kisumu achukue chuma na tupa aanze upya. Hilo la pili ndilo linalonifanya niwaheshimu mafundi wale, ambao majina yao sikuyakuta popote, huku ya wenye kampuni yakiwa yameandikwa ubavuni mwa meli.

Septemba 1914 mambo haya yalikutana mahali ambapo leo ni Kaunti ya Migori. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na wakaikalia Karungu ufukoni. Winifred ikatumwa Karungu na askari. Ikakutana na Muansa, tagi ya Kijerumani, nayo haikuingia ziwani kwa kuelea. Winifred ikarudi nyuma. Ilirudi tena ikiwa na tagi nyingine, Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Vyombo vilivyoundwa Ulaya, vikaunganishwa huku, vikawindana mbele ya wavuvi wa Karungu ambao ugomvi haukuwa wao.

Askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika kwa wingi. Wa KAR walibeba bunduki za .303. Askari wengi wa Kijerumani mwanzo wa vita walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi inayomtangaza mpigaji alipo. Risasi za huku haziingii bunduki ya kule. Ndani ya jeshi moja kipande kinahama kutoka bunduki hadi bunduki. Kuvuka mpaka ni chuma tu. Viwango vina uraia, na kila mwenye kununua chaja ya simu miaka michache iliyopita analijua hilo.

Kuna kisa kimoja cha upande wa pili ambacho siwezi kukiacha. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikaokolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja ukapandishwa juu ya Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa Kigoma, ziwa Tanganyika. Mtutu wa baharini juu ya meli ya ziwani! Hapo geji haikusaidia. Palihitajika fundi wa kutengeneza kitako ambacho hakikuwahi kuchorwa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo grisi. Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa. Nimeushika. Ni wa baridi na umepakwa rangi nyingi mno.

Ziwani kwetu pia ilikuwapo SS Rusinga, iliyojengwa Paisley mwaka 1913 kwa mtindo ule ule wa namba, ikabeba jina la kisiwa ambacho mjomba alikuwa akitoka usiku ule. Nilipomwambia hivyo hakushangaa. Alitaka kujua kama mafundi wake walikuwa na spea.

Nikamwonyesha na picha ya bunduki ya Marekani, nikamweleza habari ya geji. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiyo geji, dukani Migori anayo nani?" Nikasema hakuna. Mwenye duka anasoma maandishi ya sanduku, na sanduku mtu yeyote anaweza kulichapisha. Fundi aliyepiga tupa hakukosea kazi yake. Alifanya kazi ya Thimlich kwenye kitu kilichouzwa kama cha Harpers Ferry.

Mjomba siku hizi akienda kununua propela hubeba kipande cha shafti ya zamani, ile iliyokatika, sehemu ambayo meno yake bado ni mazima. Amekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Muuzaji akisema ni saizi yake, mjomba hajibu. Anakifungua kitambaa juu ya kaunta na kuijaribu propela. Wiki jana alizikataa tatu.